Ndege Watatu wa Kakule

Kuna siku moja, mwanangu, ambayo naikumbuka vizuri kuliko siku niliyooa. Ni siku niliyoingia Beni kwa miguu, kiatu kimoja kizima na kingine nimekifunga kwa kamba ya mgomba. Nilikuwa na miaka ishirini na diploma ya ualimu niliyoikunja ndani ya mfuko wa plastiki.

Nilitoka Bukavu kwa mashua ya mizigo hadi Goma. Kutoka Goma nikapata lori la wauza chumvi, likanishusha katikati ya mbuga ya Rwindi kwa sababu dereva alisikia risasi mbele akageuza gari bila kutuuliza. Nikapanda mlima wa Kabasha pamoja na wanawake waliobeba viroba vichwani. Huko juu waasi wa kundi moja walikuwa na kizuizi chao, na ukitembea nusu siku ulikuta kizuizi cha waasi wa kundi jingine. Walichukiana mpaka kuuana, na walifanana kwa kila kitu, hata kwa maswali. Kayna nilishikwa na homa nikalala siku tatu kwa fundi wa chukudu, zile baiskeli za mbao zisizo na pedali. Lubero mvua ilininyeshea mpaka diploma ikaanza kutoa wino. Butembo nilikuwa na mjomba. Nilipofika kwenye mlango wake, jirani akanitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye kile kiatu, akasema, "Mujomba yako alikwenda Beni, ao Bunia, ao mbinguni. Miye sijue. Lakini weye unafanana naye, ingia ukule."

Kisha nikapita Kalunguta. Nyumba hazikuwa na mapaa, na maharagwe yalikuwa yamekauka shambani bila mtu wa kuyavuna. Nilipita pale nikipiga mluzi. Usidhani nilikuwa mtu mbaya. Nilikuwa kijana ambaye hawezi kukaa mahali pamoja, na mtu wa namna hiyo hujifunza kupita.

Sasa nikuambie kwa nini naandika. Juzi mchana nilikuja kukusalimu kwenye darasa lako la watoto wadogo. Watoto walikuwa wamekwisha kwenda nyumbani. Nilikukuta umekaa peke yako na makasi, unatengeneza upya ndege waliotengenezwa na watoto. Mwenye mdomo mpana ulimkata. Mwenye bawa moja ulimtupa kwenye kikapu, ukatengeneza mwingine mzuri, ukaandika chini yake jina la mtoto ambaye hakumgusa. Ulisema wazazi wanakuja Jumamosi. Nilikunywa chai yako nikanyamaza, na tangu hapo nimekasirika, wewe ukiwa sehemu ndogo tu ya hasira hiyo. Sehemu kubwa ni ya kijana mmoja wa miaka ishirini. Kama ningemkuta leo ningemchapa.

Kanisa moja la Kiprotestanti katika Bungulu, mtaa wa Beni, lilinipokea. Shule yao ya msingi ilikuwa na madarasa mazuri ya matofali, lakini askari walikuwa wameyachukua matatu na kulala humo, na madawati waliyachoma kwa kupikia. Kwa hiyo watoto wadogo, wale wa miaka minne na mitano, walisomea kwenye kibanda nyuma ya jiko la kanisa. Nilipewa hao. Aliyenifundisha kazi alikuwa Mama Marthe, mjane wa miaka sitini hivi, shemasi, mwanamke mwenye sauti ndogo na macho makali. Watoto walimwita Koko, yaani bibi.

Hatukuwa na karatasi wala rangi. Mama Marthe alinionyesha namna ya kufanya ndege kwa magome makavu ya mgomba. Unayachana, unayalowesha kidogo yasivunjike, unaviringisha kiwiliwili, unafunga shingo kwa uzi wa gome lenyewe. Bawa unalikunja kutoka kwenye jani kavu. Macho ni mbegu nyeusi, na gundi ni uji mzito wa muhogo. Manyoya tuliyaokota nyuma ya jiko kila alipochinjwa kuku wa mgeni. Mtoto wa miaka mitano anaweza kazi hiyo, ukimwacha. Basi ungesikia vicheko. "Ndege yako iko na tumbo kama ya Pasta." "Na yako inatembea kama Koko." Mama Marthe alikuwa anasikia yote na anajifanya hasikii.

Siku moja Direkta wa shule alikuja na habari. Mkubwa wa wale askari angekuja Alhamisi kututembelea, na Direkta alitaka watoto wamwonyeshe kitu kizuri kitakachomlainisha, labda aturudishie madarasa yetu. Mimi, mwenye diploma, nikatoa wazo. Kila mtoto afume kiota cha majani, na ndani yake aweke ndege, ndege mmoja kwa kila mtu wa nyumbani kwao. Somo hilo nililiita Jamaa Yangu. Direkta alifurahi mpaka akanishika bega.

Nilikuwa na daftari ambamo niliandika kila mtoto anaishi na nani. Nalilaani daftari hilo mpaka leo. Nilipita kati ya viota nalo mkononi, nikihakikisha. Mtoto aliyeitwa Masika, watano nyumbani, ndege watano, vizuri. Nikafika kwa Kakule. Alikuwa mtoto mkimya, mwenye magoti yenye makovu, aliyekuja na wazazi wake kutoka Kalunguta. Daftari lilisema watu watatu, baba, mama na yeye. Kiotani mwake kulikuwa na ndege sita.

Watatu kati yao walikuwa wabaya, mwanangu, nisikudanganye. Mmoja alikuwa na mkia wa manyoya ya jogoo, mrefu kuliko mwili wake. Mwingine mdomo wake ulikuwa wazi kabisa kama anataka kutapika. Wa tatu alikuwa tumbo tupu, karibu hana kichwa. Nikamwuliza, "Kakule, nyumbani muko wangapi?" Akakivuta kiota karibu naye. Nikainua daftari ili wote wasikie. "Muko batatu. Unajua kuhesabu? Hesabu. Moja, mbili, tatu." Wenzake wakacheka, kwa sababu mwalimu akicheka watoto hucheka. Nikawatoa wale watatu wabaya kwa vidole viwili, kama mtu anayetoa mende kwenye unga, nikawatupa kwenye rundo la magome ya kuwashia moto. Kabla ya saa nne mpishi alikuwa amelichukua rundo lote, na uji wa watoto ukachemka.

Kakule hakulia. Angelia, labda ningeshtuka.

Jumatatu asubuhi niliita majina. Nilipofika kwa Kakule, kimya. Nikaita tena. Alikuwa amekaa mbele yangu, ananitazama. Nikamwuliza, "Weye jina yako ni nani?"

"Mumbere," akasema.

Darasa likacheka tena, na safari hii nilidhani ananidharau. Nilimpigisha magoti kwenye kokoto nje ya mlango mpaka aseme jina lake. Alikaa pale mpaka saa ya kwenda nyumbani. Kila nilipotoka kumwuliza, alisema Mumbere, kwa adabu, bila kuinua sauti. Siku ya pili ikawa vilevile. Nataka ulione jambo hili sawasawa: mtu mzima, mwenye diploma, anashindana na mtoto wa miaka mitano mwenye kokoto kwenye magoti, na anaamini kwamba yeye ndiye aliyekosewa.

Siku ya tatu mama yake alikuja. Wanawake wa kanisa walimwita Mama Mumbere, na mimi katika ujinga wangu nilidhani Mumbere ni jina la ukoo. Alikuwa bado na udongo wa shamba miguuni. Hakunisalimu.

"Mwalimu," alisema, "nimekuja kuuliza kitu moja tu. Mutoto anarudi nyumbani anasema miye nimezala mara moja. Anasema mwalimu njo alisema. Weye ulikuwa pale wakati nilikuwa nazala?"

Nikasema sielewi. Nikachukua daftari nimwonyeshe.

"Weka ile karatasi yako," akasema. "Kama kiota ya mutoto yangu inabakia na ndege tatu, namutoa kwa masomo yenu, na hapana kurudi. Nitamufundisha miye mwenyewe kuhesabu." Akamshika Kakule mkono, akaenda naye.

Mama Marthe alikuwa mlangoni. Siku hizo zote, tangu ile ya ndege, alikuwa Butembo kwenye mazishi ya dada yake, na alikuwa ameshuka kwenye lori asubuhi hiyohiyo. Mpishi alikuwa amemweleza yote. Alinipeleka nyuma ya jiko, akaniketisha kama mtoto juu ya kinu kilichopinduliwa, naye akabaki amesimama. Sijawahi kukaripiwa vile, na baba yangu alikuwa mkali.

"Weye mutu ya Bukavu, sikiliza. Kwetu mutoto mwanaume wa kwanza anaitwa Mumbere. Wa pili Kambale. Wa tatu Kasereka. Wa ine Kakule. Mutoto akikufa, hapana kumupa mwingine nafasi yake. Anabakia pale. Ule wa ine anabakia wa ine hata kama amebakia peke yake. Kila asubuhi unaita Kakule, unaita batoto bane. Myezi tano unaita bane, na haujue." Akaonyesha upande wa Kalunguta kwa kidevu. "Wawili walipigwa risasi na askari ndani ya shamba ya maharagi. Kasereka alikufa njiani, wazazi walimuzika kwa mikono. Yule mama hakupata hata siku moja ya kilio, walikuwa nakimbia. Kitu alibakia nayo ni jina ya huyu mutoto. Na weye ulimutolea bakubwa yake mbele ya watu, ukawachoma, ukapikia batoto uji. Kwa nini anasema ni Mumbere? Juu ni weye ulimuambia hakuna mutu mbele yake. Huyu mutoto anajua kuhesabu kuliko weye."

Nikataka kusema kwamba hakuna aliyeniambia. Nadhani hata nilisema.

"Uliuliza nani?" akasema. "Ulimuuliza mutoto, hawa ni banani? Ni maneno tatu tu. Diploma yako ya kazi gani?"

Mwanangu, nimezunguka sana tangu siku hiyo. Nimefanya kazi migodini, nimeuza nguo Kampala, nimefundisha mahali sita. Sijapata swali gumu kuliko lile.

Mchana huo nilikwenda nyumbani kwao, vyumba viwili vya udongo nyuma ya soko dogo la Bungulu, na mzigo wa magome ya mgomba begani. Baba alikuwa kazini kwenye mbao. Mama hakuniambia karibu, lakini hakunifukuza. Nilikaa chini uani, nikalowesha magome, nikamwomba Kakule anionyeshe. Nilikuwa nimekusudia kufanya ndege watatu wazuri sana, wakubwa, wa kuomba msamaha. Nilikuwa sijajifunza kitu bado. Aliniangalia ninavyokunja bawa, akalichukua mkononi mwangu.

"Hapana," akasema. "Mumbere iko na mukia murefu. Alikuwa navaa koti ya papa."

Basi mkia ukawa mrefu kama koti la baba yao. Kambale alikuwa na mdomo wazi kwa sababu aliimba kwaya, na aliimba hata akiwa chooni. Kasereka alikuwa tumbo kwa sababu alikula sahani yake na ya Kakule, na ukimshtaki kwa mama alikuwa amekwisha kufuta mdomo. Mama alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo, pembeni. Aliposikia hilo la kufuta mdomo mikono yake ilisimama, akatoa sauti ambayo nilidhani ni kicheko, kisha haikuwa kicheko, na ilidumu muda mrefu. Majirani wawili waliingia wakakaa naye chini. Mimi na Kakule tuliendelea na kazi, kwa sababu Kasereka alikuwa hana macho bado.

Mtoto hakunisamehe siku hiyo. Alinipa kazi ya kushika uzi.

Alhamisi asubuhi Direkta alipita kukagua viota vilivyopangwa juu ya benchi za kanisa. Alipoona kile cha ndege sita alijua mara moja; alikuwa mtu wa pale, hakuhitaji kuhesabu mara mbili. Akanivuta pembeni. "Ondoa ile," alisema. "Huyu mukubwa atauliza. Unataka tuseme nini? Ondoa, utarudisha kesho." Nilimwambia nikikiondoa leo, mtoto hatarudi kesho. Akasema mtoto mmoja, na madarasa matatu. Nikasema siondoi. Mama Marthe alikuja akasimama karibu na kile kiota, mikono nyuma, na Direkta hakuwa mtu wa kumsukuma shemasi mbele ya kanisa.

Mkubwa alifika na askari sita. Alikuwa mtu mrefu, mpole wa sauti, viatu vyake vinang'aa. Alipita kiota kwa kiota, akiinama, akiuliza watoto majina ya ndege wao, na watoto walimpenda. Ndiyo, walimpenda. Alifika kwa Kakule.

"Muko sita? Nyumba imejaa," akasema.

Kakule akaonyesha kwa kidole, bila haraka. "Papa. Mama. Mumbere, Kambale, Kasereka. Na miye Kakule."

Nilisikia jina hilo kinywani mwake kwa mara ya kwanza baada ya siku nne. Nikashika benchi.

"Na hawa bakubwa yako beko wapi? Hawasome?"

"Beko Kalunguta."

"Wanafanya nini Kalunguta?"

"Balilala ndani ya maharagi."

Yule mkubwa akajinyoosha, akavuta mkanda wake, akamwuliza Direkta kwa Kifaransa mwalimu wa darasa hili ni nani. Direkta akanionyesha. Aliniangalia kama mtu anayeishika sura yangu asiisahau, akatoka. Viota vingine kumi na viwili hakuviona.

Madarasa hayakurudi. Direkta alisema ni kwa sababu ya ndege wangu sita, na watu wengine wa kanisa walimwamini. Hapo hasira yangu inapanda mpaka leo. Mtu aliyechoma madawati ya watoto ili apike maharagwe hatalainishwa na magome ya mgomba, hata tungemtengenezea tausi wa dhahabu. Tuliwafanya watoto wa miaka mitano waombe kwa ajili yetu, kwa sababu sisi wakubwa tuliogopa kuomba. Na tulitaka waombe kwa uzuri, bila kutaja wafu wao, ili mgeni asijisikie vibaya. Wazo lilikuwa langu. Mimi ndiye niliyeshikwa bega.

Jumamosi askari mmoja alikuja kuuliza mwalimu kutoka Bukavu analala wapi. Mpishi alimwambia hajui, akaja kwangu mbio. Jumapili asubuhi, kabla ibada haijaanza, Mama Marthe alinipeleka kwenye lori la kahawa lililokuwa linakwenda Kasindi, mpakani. Alikuwa amenifungia mihogo iliyochemshwa na ndizi, akanisukuma juu ya magunia kama gunia jingine. Nikamwambia nitarudi mambo yakitulia. Akasema, "Weye hapana kurudi, nakujua. Lakini kule unakwenda, uulize kwanza." Watu walikuwa wanapita kwenda kanisani. Mama Mumbere alipita pia, na mumewe, na Kakule kati yao amevaa shati jeupe. Alikuwa amekikumbatia kile kiota kwa mikono miwili. Mama yake alikuwa amekwenda kukichukua kanisani siku iliyotangulia, na tangu hapo mtoto hakutaka kukiweka chini. Mama alinitazama, akainamisha kichwa kidogo. Ndiyo salamu pekee niliyopata kwake. Dereva akawasha gari. Sikurudi Beni tena.

Basi nisikilize, mwanangu, maana hasira haifai kitu kama haiachi neno nyuma. Kazi ya mtoto ikiwa mbaya machoni pako, weka makasi chini umwulize huyu ni nani. Ndege mwenye bawa moja ana sababu yake, na mwenye sababu amekaa mbele yako. Usimsahihishe mtoto kwa daftari ulilolijaza bila yeye. Usiwafanye wenzake wamcheke. Usiandike jina lake chini ya kazi yako, maana unamfundisha kwamba mkono wake ni wa kufichwa. Na wageni wakija, wawe wazazi au wenye bunduki, wakute kile ambacho watoto wamekifanya kweli, na kama hakiwapendezi, waulize wao wenyewe, kwa midomo yao, na wapokee jibu.

Mungu akupe mikono mizito pale unapotaka kurekebisha, na ulimi mwepesi pale unapopaswa kuuliza. Akujaze darasa kwa watoto wasioogopa kukuambia wako wangapi. Na siku utakapokosea kama mimi, maana utakosea, akuletee mapema mwanamke mwenye udongo miguuni, asiyekusalimu.